Mita 54 za Ukili: Gharama Halisi ya Mkeka wa Rufiji

Mkeka wa kulalia mtu mzima, upana mita 1.2 na urefu mita 1.8, una eneo la mita za mraba 2.16. Muuzaji wa pembeni mwa barabara ya Kibiti na abiria aliyeteremka kwenye basi la Lindi huelewana hapo hapo: futi nne kwa sita, bei hii, punguza kidogo, haya chukua. Lakini mama aliyeusuka hakusuka mita za mraba. Alisuka ukili, ule utepe mrefu unaoshonwa ubavu kwa ubavu hadi ukawa mkeka. Ukili ukiwa na upana wa sentimita 4, mkeka huo umemeza mita 54. Ukili ukiwa mpana, sentimita 8, ni mita 27. Ukiwa mwembamba wa sentimita 2, ni mita 108, na kazi ya kushona imeongezeka mara mbili. Kwa futi, yote mitatu ni mkeka uleule.

Naandika hesabu hizi kwa sababu mkeka wa Rufiji umepata wateja wapya. Wabunifu wa Dar es Salaam na Zanzibar wanaukata kuwa mikoba, pochi, vivuli vya taa na kandambili. Hoteli zinautaka ukutani na chini ya kitanda. Naifurahia kazi hiyo, na ningependa iongezeke. Tatizo ni kwamba imejengwa juu ya bei ya futi nne kwa sita, na bei hiyo haijui chochote kuhusu ukili.

Tuanze na jani. Mkindu huota penye maji, kandokando ya mto na mabonde yake, na bonde la Rufiji halina upungufu wa maji. Kinachotafutwa ni kuti changa ambalo bado halijafunguka, maana kindu zake, yaani vijani vyake vya kusukia, ni laini na nyeupe. Huanikwa juani, huchanwa kuwa chane, na zile za nakshi huchemshwa na rangi. Zamani weusi ulitoka kwenye mmea wa mdaa. Siku hizi wengi hununua rangi ya unga dukani.

Chane yenye upana wa milimita 5 ni ya kawaida tu. Ukili wa sentimita 4 utahitaji chane kama 11 za aina hiyo. Zikiwa za milimita 3, zitakuwa kama 19, na mikono ileile miwili ndiyo inayozipokea na kuzipitisha moja baada ya nyingine. Kila sehemu ya mkeka ina tabaka mbili, chane ya juu na ya chini yake, kwa hiyo mkeka wetu wa mita za mraba 2.16 una mita 864 za chane za milimita 5. Ukisukwa kwa chane za milimita 3, ni mita 1,440. Daraja la Mkapa, linalovuka Rufiji, lina urefu wa mita 970. Mkeka mmoja mzuri wa kulalia, ukifumuliwa na chane zake zikaunganishwa, utalivuka daraja hilo na kubakiwa na karibu nusu kilomita.

Hapo sijahesabu makutano, yaani kila pahala chane moja inapopita juu ya nyingine, na makutano ndiyo kazi yenyewe. Mkeka wa milimita 5 una makutano 86,400. Wa milimita 3 una 240,000. Upana wa chane umepungua kwa asilimia 40 tu, kazi imekaribia kuwa mara tatu. Mnunuzi anaposema mikeka hii miwili inalingana ukubwa, kwa hiyo bei iwe moja, anamwomba msukaji amzawadie makutano zaidi ya laki moja na nusu.

Sasa tuziweke fedha. Kasi ya kusuka hutofautiana mno, kwa kuwa ukili husukwa kati ya kazi na kazi: baada ya shamba, chungu kikiwa jikoni, mtoto akiwa amelala. Ndiyo maana saa zake hazionekani na hakuna anayezihesabu. Kwa ajili ya hesabu nachukua mita 3 za ukili wa kawaida kwa siku; anayesuka upesi zaidi abadilishe namba, mlolongo utabaki uleule. Mita 54 ni siku 18. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa kilimo kuwa shilingi 140,000 kwa mwezi, sawa na kama shilingi 5,385 kwa siku ukigawa kwa siku 26 za kazi. Siku 18 kwa kima hicho, ambacho hakuna anayeweza kukiita kikubwa, ni shilingi 96,930. Hapo ukindu, rangi na kushona havimo.

Sasa tufanye kinyume. Chukua mfano wa mkeka uliouzwa shilingi 50,000, ambao ukindu na rangi yake vimegharimu 15,000. Kinachobaki ni 35,000, na ukigawa kwa siku 18 unapata shilingi 1,944 kwa siku. Kwa mkeka wa milimita 3, kasi ya makutano ikiwa ileile, siku ni 50 na ujira kwa kiwango hicho cha shamba cha 2023 ni shilingi 269,250. Mama mwenye akili timamu, akijua bei ya sokoni haitapanda zaidi ya kidogo, atachana chane pana. Watu husema vijana wameacha usukaji mwembamba kwa uvivu. Mimi naona wamepiga hesabu vizuri.

Mkoba unabadilisha mambo, na hapa ndipo ubunifu mpya unapostahili sifa. Mkoba wa sentimita 40 kwa 30, pande mbili, una eneo la mita za mraba 0.24. Kutoka mkeka mmoja hutoka mikoba 9, kila mmoja ukiwa na mita 6 za ukili, yaani siku mbili za kusuka. Ujira wa siku hizo ni shilingi 10,770. Ongeza sehemu yake ya zile 15,000 za malighafi, unafika kama 12,437. Mkoba huo ukiuzwa mjini kwa bei ya mfano ya shilingi 60,000, usukaji wote na ukindu wake ni chini kidogo ya asilimia 21 ya bei. Zilizobaki zinagawanywa kwa ngozi ya mikono, zipu, bitana, fundi, nauli, pango la duka na faida. Kwa maneno mengine, mbunifu anaweza kulipa kima hicho cha shamba kwa kila mita ya ukili na biashara yake isife. Akisema haiwezekani, aonyeshe ni shilingi ipi kati ya hizo 60,000 iliyomzuia.

Ukanda huu uliwahi kujua kupanga bei kwa daraja. Delta ya Rufiji ina mikoko ya zaidi ya hekta 50,000, na kwa vizazi na vizazi nguzo zake zilisafirishwa kwa majahazi hadi Arabuni na Ghuba. Mikoko haikuuzwa kama rundo la miti. Ilihesabiwa kwa korija, ishirini ishirini, na kila unene ulikuwa na jina na bei yake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Nahodha aliyetaka boriti hakupewa pau, wala mkataji aliyetoa boriti hakulipwa bei ya fito. Mkeka, uliosukwa na wanawake wa Kindengereko na Kinyagatwa katika nchi ileile ya maji, haukupata ngazi kama hiyo.

Kwingineko ngazi hiyo ipo. Wasamoa huthamini mikeka yao laini kwa wembamba wa usukaji, na mkeka mmoja huweza kuchukua miezi mingi. Mwaka 2019 UNESCO iliuingiza ufundi huo kwenye orodha ya urithi usioshikika. Mwaka huohuo nchi 14, Oman ikiwemo, ziliandikisha maarifa na mila za mtende, ambao ni jamaa wa karibu wa mkindu wetu. Tanzania iliridhia mkataba wa UNESCO wa urithi huo mwaka 2011, kwa hiyo mlango wa kuandikisha uko wazi. Hata hivyo orodha peke yake hailipi ukili. Somo la kibiashara lipo karibu zaidi, Rwanda, ambako kampuni ya Gahaya Links ilianza kuuza vikapu katika maduka ya Macy's ya Marekani mwaka 2005. Duka kubwa huagiza kwa kipimo: kipenyo hiki, rangi hii, na kikapu cha mwisho kifanane na cha kwanza. Msukaji asiyekubaliana na mnunuzi juu ya milimita hawezi kuingia soko hilo bila kuumia.

Tuseme sasa hoteli ya vyumba 40 imeagiza mikeka miwili kwa kila chumba. Mikeka 80 ni mita 4,320 za ukili, siku 1,440 za kusuka. Kikundi cha wasukaji 30 kitamaliza kwa siku 48, ukiacha kushona. Ujira ni shilingi 7,754,400, malighafi 1,200,000 kwa mfano wetu wa awali, jumla 8,954,400, au shilingi 111,930 kwa mkeka kabla ya usafiri. Usafiri nao haufanani. Aliyeko Kibiti mjini yuko barabarani, kama kilomita 140 kutoka Dar. Aliyeko visiwani mwa delta husubiri maji yajae kabla boti haijaondoka, na mzigo wake huhamishwa zaidi ya mara moja.

Ukindu wenyewe una hesabu. Nikikadiria ukindu mmoja unatoa mita moja ya chane za milimita 5, na kuti changa moja linatoa kindu 100 zinazofaa, mkeka unataka karibu makuti 9. Zinazokatika na zenye madoa zikitolewa, weka 12. Oda ya hoteli ni makuti machanga 960 katika miezi miwili. Mkindu huota kwa kichaka, mashina kadhaa pamoja, kwa hiyo huvumilia kukatwa, ila kichaka kinachonyang'anywa kila kuti jipya kinadhoofika. Kikundi kinachochukua oda kubwa kinahitaji makubaliano ya kijiji kuhusu nani anakata wapi na anaacha makuti mangapi, na muda wa kufanya hivyo ni kabla ya kusaini, si baada ya kichaka kukauka.

Na fedha ya kuanzia itoke wapi? Mikopo ya halmashauri isiyo na riba, asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kati ya hizo zikiwa za wanawake, ilisimamishwa Aprili 2023 na kurejeshwa Julai 2024. Ndani ya kipindi hicho, Aprili 2024, mafuriko yalifunika mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti. Kaya iliyopoteza mpunga haiwezi kusuka siku 48 kwa ahadi ya malipo mzigo ukifika. Itauza ukili wowote ulioko ndani kwa yeyote aliyeshika noti. Kwa oda yetu, malighafi yote na nusu ya ujira ni shilingi 5,077,200. Mnunuzi anayetaka mikeka 80 inayofanana alipe kiasi hicho siku ya kuagiza, na mkataba utaje upana wa chane kwa milimita na bei ya kila mita ya ukili.