Askari Arudipo Nyumbani: Wajibu wa Familia, Jamii na Tiba

Mwezi Aprili 1979, majeshi ya Tanzania, yakishirikiana na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni, yaliingia Kampala na utawala wa Idi Amin ukaanguka. Mwaka huohuo, ng'ambo ya bahari, Bunge la Marekani liliidhinisha kuanzishwa kwa vituo vya ushauri nasaha kwa askari waliorejea kutoka Vietnam. Matukio hayo mawili hayakuwa na uhusiano wowote. Hata hivyo, yote mawili yanatukabili kwa swali moja: bunduki zikishanyamaza, nani humwuguza mpiganaji mwenye jeraha lisiloonekana?

Swali hilo linatuhusu. Wengi waliopigana katika Vita vya Kagera walikuwa wanamgambo, ambao baada ya ushindi walirudi kwenye majembe yao vijijini. Miaka ya karibuni askari wetu wamelinda amani Darfur na katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako mwezi Desemba 2017 shambulio moja lilichukua uhai wa wanajeshi wa Tanzania wasiopungua 14. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, taifa huwakumbuka waliokufa. Waliorudi hai nao wanastahili kukumbukwa, na kumbukumbu iwafaayo zaidi ni huduma.

Kiwewe cha vita ni ugonjwa unaotambulika kitabibu. Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliuingiza katika mwongozo wake wa utambuzi wa magonjwa mwaka 1980. Dalili zake ni za aina nne. Ya kwanza ni tukio kujirudia akilini, kwa jinamizi au kwa picha zinazomjia mtu mchana kweupe. Ya pili ni kukwepa mahali, watu au mazungumzo yanayokumbusha tukio hilo. Ya tatu ni mawazo mazito ya hatia, aibu na kujitenga na watu. Ya nne ni mwili kukaa macho daima: usingizi wa mang'amung'amu, hasira za ghafla, na kushtuka kwa mlio mdogo wa mlango. Dalili hizi zikidumu zaidi ya mwezi mmoja na kuvuruga kazi au maisha ya nyumbani, mgonjwa anahitaji tiba.

Si kila askari huugua. Walio wengi hurejea katika maisha yao ya kawaida. Lakini anayeugua mara nyingi hanyoshi kidole kuomba msaada, kwa kuwa amefunzwa kuvumilia. Pombe huwa ndiyo dawa yake ya usingizi. Mkewe hujifunza kutomwamsha kwa kumgusa, na watoto hunyamaza wasikiapo hatua zake. Majirani husema, "Amekuwa mkali tangu arudi," wakayaacha hapohapo. Wahenga walikwisha kutuonya: mficha maradhi, kilio humuumbua.

Katika kujibu hali kama hiyo, Wamarekani walianza na wapiganaji wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, askari waliotoka Vietnam walikutana katika vikundi vya mazungumzo mjini New York, wakisaidiwa na madaktari wa akili, miongoni mwao Robert Jay Lifton na Chaim Shatan. Vituo vilivyoidhinishwa mwaka 1979 vilirithi mwenendo huo. Viliwekwa mitaani, nje ya hospitali, ili mtu aingie bila kuonekana mgonjwa. Wengi wa wahudumu wake ni askari wa zamani, na siri za anayehudumiwa hulindwa. Hivi leo viko takriban 300, navyo huwahudumia pia wenzi wa askari, pamoja na familia zilizofiwa na askari akiwa kazini.

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni mambo ya nchi tajiri. Ushahidi uliopatikana jirani zetu unakanusha dhana hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulihusisha vijana 85 wa kaskazini mwa Uganda waliowahi kuwa askari watoto. Waliotibiwa kwa njia ya kusimulia maisha yao kwa mpangilio, tukio baada ya tukio, walipata nafuu kubwa kuliko wenzao wasioipata tiba hiyo. Waliowatibu hawakuwa madaktari, bali wenyeji waliopewa mafunzo maalumu na kusimamiwa kwa karibu. Kwa nchi yenye madaktari wachache wa akili na wahudumu wengi wa afya ngazi ya jamii, hilo ni funzo la thamani kubwa.

Nyumbani na kijijini, hatua za kwanza hazidai fedha nyingi. Mwenye dalili asibandikwe jina la kichaa, wala asilazimishwe kusimulia vita mbele ya watu. Asikilizwe kwa wakati autakao mwenyewe. Asinunuliwe vidonge vya usingizi kiholela, kwani vingi huzoesha mwili bila kutibu kiwewe. Apelekwe zahanati au kituo cha afya, akiambatana na ndugu amwaminiye, ili apewe rufaa. Ikiwa anazungumzia kufa, aulizwe waziwazi iwapo anafikiria kujiua. Kumwuliza hakumpandikizii wazo hilo. Asiachwe peke yake, silaha na sumu za mashambani ziondolewe karibu naye, na afikishwe hospitalini siku hiyohiyo.

Mke, watoto na wazazi nao waulizwe hali zao kliniki. Anayeuguza huchoka, na kuna nyumba ambamo hasira ya vita imekwisha kugeuka kipigo. Hapo usalama wao hutangulia: wapatiwe mahali pa kukaa salama na wafikishwe kwa afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia la polisi, huku mgonjwa akiendelea kutibiwa. Kiwewe kinaeleza chanzo cha ukali, wala hakiuhalalishi.