Daftari la Mfanyabiashara kama Chanzo cha Historia: Mkopo, Thamani na Ukimya katika Makoloni ya Uingereza ya Amerika Kaskazini, Karne ya 18

Madaftari ya hesabu yaliyoachwa na wafanyabiashara wa Boston, Providence na Philadelphia ni miongoni mwa vyanzo muhimu vya historia ya uchumi wa makoloni ya Uingereza katika Amerika Kaskazini. Makala hii inaeleza namna madaftari hayo yalivyoandikwa. Hoja yake ni kwamba tarakimu zilizomo si kumbukumbu za fedha taslimu, na kwamba yasiyoandikwa yana uzito sawa na yaliyoandikwa.

Mfanyabiashara mwangalifu alitunza madaftari matatu. La kwanza liliandikwa papo hapo, kwa mfuatano wa siku. La pili lilipanga maingizo hayo kwa kubainisha mdai na mdaiwa. La tatu lilikuwa leja, ambamo kila mteja alitengewa nafasi yake: kushoto aliyoyachukua, kulia aliyoyalipa. Mfumo wa maingizo mawili, uliofafanuliwa na Luca Pacioli katika kitabu kilichochapishwa Venice mwaka 1494, ulijulikana. Hata hivyo, wenye maduka wengi walitumia njia nyepesi zaidi, kwa kuwa haja yao kubwa ilikuwa kukumbuka madeni.

Msingi wa utaratibu huo ulikuwa uhaba wa sarafu. Mkulima alichukua kitambaa, chumvi au misumari kwa mkopo, na baada ya miezi kadhaa akalipa kwa nafaka, kuni au siku za kazi. Kila kitu kilithaminishwa kwa pauni, shilingi na peni, hata pale ambapo hakuna sarafu iliyotolewa. W. T. Baxter, aliyechunguza biashara ya ukoo wa Hancock wa Boston, aliuona utaratibu huu kuwa ni ubadilishanaji wa mali kwa mali kupitia daftari.

Aidha, pauni yenyewe haikuwa moja. Katika miaka ya 1760, dola ya fedha ya Hispania ilihesabiwa kuwa shilingi 6 Massachusetts, shilingi 7 na peni 6 Pennsylvania, na shilingi 8 New York, ilhali kwa fedha ya Uingereza ilikuwa shilingi 4 na peni 6. Mtafiti anayelinganisha bei za Boston na New York bila kuzingatia viwango hivyo ataona tofauti ambayo haikuwapo sokoni.

Ukimya wa madaftari unadhihirika zaidi katika daftari la meli Sally, mali ya ndugu wa ukoo wa Brown, iliyoondoka Providence mwaka 1764 kuelekea Afrika Magharibi chini ya nahodha Esek Hopkins. Daftari hilo linaorodhesha pombe ya ramu iliyotolewa na watu walionunuliwa. Kati ya Waafrika 196 walionunuliwa, wasiopungua 109 walifariki. Vifo viliingizwa kwa namba za mfuatano, kama upungufu wa shehena. Marehemu walitajwa kwa jinsia au umri, si kwa majina yao.

Hivyo basi, usahihi wa hesabu si ukamilifu wa ushahidi. Daftari lilimhudumia mmiliki wake: lilihifadhi alichodai na alichopoteza. Mtafiti hana budi kulisoma sambamba na barua, mirathi na kumbukumbu za mahakama, la sivyo atarithi mtazamo wa aliyeliandika.