Simu janja inavyopima mgongo, kama pima maji ya fundi

Mavuno yakifika mkoani Katavi, mgongo ndio unaobeba kazi. Kuna magunia ya mpunga na mahindi, mengine yamefungwa lumbesa. Bodaboda wa Mpanda anakula vumbi la barabara za vijijini, na mchimbaji mdogo wa dhahabu ameinama tangu asubuhi. Jioni ikifika, wote lugha moja: mgongo umekaza.

Umekaza kiasi gani? Na baada ya wiki mbili za mazoezi, umelegea au bado? Hapo ndipo simu janja inaposaidia.

Simu janja nyingi zina kihisi kidogo kinachotambua mvutano wa dunia. Ndicho kinachogeuza picha simu ikilazwa. Ukiongeza programu ya kupima pembe, simu inasoma imeinama nyuzi ngapi, kama pima maji ya fundi ujenzi.

Namna ya kupima

Anayepimwa asimame wima, magoti yamenyooka. Msaidizi avue kava ya simu, kisha aweke ubavu wake katikati ya mgongo, usawa wa mbavu za mwisho, na kusoma nyuzi. Mwenzake ainame mbele polepole bila kujilazimisha, nyuzi zisomwe tena.

Zoezi lirudiwe, safari hii simu ikiwa chini, kwenye mfupa bapa ulio juu kidogo ya makalio.

Kwa nini mara mbili?

Mtu akiinama, sehemu ya mwendo inatoka kwenye nyonga, si mgongoni. Ndiyo maana mwenye mgongo uliokaza anaweza bado kugusa vidole vya miguu. Basi badiliko la chini litolewe kwenye badiliko la juu. Kama juu nyuzi zimebadilika 80 na chini 40, kiuno chenyewe kimeinama nyuzi 40.

Vipimo vifanyike saa ile ile na simu ikae pale pale, kwa sababu asubuhi mgongo huwa mgumu zaidi. Tofauti ya nyuzi mbili tatu isimpe mtu presha. Inaweza kuwa ni mkono wa mpimaji tu. Cha kuangalia ni mwelekeo wa wiki kadhaa.

Simu haitoi jibu la ugonjwa

Wapo wanaoinama vizuri na bado wanaumia. Mwenye maumivu ya mgongo anayeishiwa nguvu miguuni, anayepata ganzi sehemu za siri au anayeshindwa kuzuia mkojo au choo asipoteze muda na simu: awahishwe hospitali siku hiyo hiyo. Maumivu yanayoambatana na homa, jasho la usiku na kukonda nayo yanahitaji daktari haraka, maana kifua kikuu hushambulia hata uti wa mgongo.

Kwa wengine, namba zilizoandikwa kwenye simu ni kitu cha kumwonyesha mtaalamu wa fiziotherapia, badala ya kumwambia tu, "mgongo umekaza."