Kati ya Fundi Bati na Fundi Lipu

Masika yakianza mwezi Machi, hapa Dar es Salaam huanza pia kesi za mafundi. Mwenye nyumba ameongeza baraza au jiko, paa lake likaegemea ukuta wa nyumba kubwa. Mvua ya kwanza tu, maji yanateremka ukutani hadi kwenye swichi ya taa. Fundi bati akiitwa husema bati lake halina tundu, na ni kweli. Fundi lipu husema lipu yake haina ufa, naye pengine hasemi uongo. Maji yamepita katikati yao, pale paa linapokutana na ukuta, mahali ambapo hakuna aliyelipwa kupaziba.

Dawa inayopendwa ni kupaka saruji kwenye kona ile. Haidumu. Bati hutanuka kwa jua la mchana na kunywea usiku, ukuta haulifuati, na saruji hupasuka.

Kinachotakiwa ni bati bapa lililokunjwa kama herufi L. Ubavu mmoja upande ukutani si chini ya sentimita 15, wa pili ulale juu ya mabati ya paa kwa kadiri hiyohiyo. Mafundi waangalifu hutumia vipande viwili: cha chini kinashikwa na paa, cha juu kinashikwa na ukuta na kukifunika cha chini. Hapo paa linaweza kujinyoosha bila kung'oa kitu.

Lakini shina la tatizo ni ukingo wa juu. Wengi huupigilia misumari juu ya lipu, wakamaliza. Lipu ya saruji hunywa maji, na maji yaliyomo ndani yake hushuka nyuma ya bati kana kwamba halipo! Ukingo huo lazima uingie ndani ya tofali. Fundi achimbe mfuo wa kama sentimita 2 na nusu kwa tindo au grinda, aingize ukingo uliokunjwa, aubane, kisha azibe kwa saruji na mchanga.

Kwa hiyo mfuo na bati hutangulia, lipu hufuata. Lipu ishuke kufunika ukingo wa juu, ila iishie sentimita 5 hivi juu ya paa, isije ikakaa majini. Kwa ukuta wa zamani uliokwisha kupakwa rangi, lipu ikatwe mpaka tofali lionekane. Wenye nyumba huona uchungu hapo, nami nawaelewa, lakini njia ya mkato sijaiona.

Basi kabla kazi haijaanza waite mafundi wote wawili, mwandikiane nani atachimba mfuo na nani ataleta bati. Kazi ikiisha, chukua mpira wa maji, mwagia ukuta ulio juu ya maungio kwa nusu saa, huku mafundi wote wawili wakiwa ndani wanatazama, na malipo ya mwisho yakiwa bado mfukoni mwako.