SALONGO YA MBALI: JUU YA NINI VIJANA WANAENDA KUTUNZA MAHALI PA VITA



Siku ya posho iliyopita, tulipofanya salongo kwenye makaburi ya zamani, mwenzetu mmoja wa darasa la ine aliweka jembe chini, akaniuliza: «Mkubwa, hawa watu siwajui. Juu ya nini nitoke jasho kwa ajili yao?» Mimi nilimwambia paka: «Kamata jembe.» Lile lilikuwa jibu la mkubwa, halikuwa jibu la ndugu. Leo ninataka kumjibu vizuri, na nitaanzia mbali, kule Ulaya.

Kulikuwa mwamuzi mmoja Mjerumani, Mprotestanti, jina lake Lothar Kreyssig. Mwaka 1940 aliona kama serikali ya Hitler inaua wagonjwa wa akili kwa siri. Aliandika barua ya kukataa, na juu ya ile barua aliondolewa katika kazi. Vita ilikwisha mwaka 1945. Mwaka 1958, katika sinodi ya Kanisa la Kiprotestanti la Ujerumani, Kreyssig alisimama akatoa wito: vijana Wajerumani waende kufanya kazi ya mikono katika inchi ambazo Ujerumani iliumiza. Angalieni vizuri: hakusema «tutawasaidia». Aliomba zile inchi ziwape ruhusa. Mtu aliyekosea haingii katika nyumba ya mwenzake bila kupiga hodi.

Ndivyo ilianza kazi inayoitwa Aktion Sühnezeichen. Mwaka 1959 vijana wa kwanza walifika Norwe na Uholanzi. Mwaka 1961 wengine walikwenda Coventry, Uingereza, ambako mabomu ya Wajerumani yaliteketeza kanisa kubwa katika usiku wa tarehe 14 Novemba 1940. Walitengeneza vyumba ndani ya yale magofu, vikawa nyumba ya kukutania watu wa mataifa mbalimbali. Kuta zilizoungua hazikubomolewa; zinasimama mpaka leo kando ya kanisa jipya.

Kisha walifika Auschwitz, katika Polandi. Ile ni kambi ambamo watu karibu 1.100.000 waliuawa, na karibu 1.000.000 kati yao walikuwa Wayahudi. Tangu mwaka 1947 ni mahali pa ukumbusho. Lakini mbao zinaoza, matofali yanakula maji, majani yanafunika misingi. Ndani mna viatu vya wale waliouawa, zaidi ya 100.000, na vingine ni vya watoto wadogo kabisa.

Sasa kazi yenyewe ni namna gani? Mafundi wanafanya ile kazi ngumu. Wanatoa vumbi juu ya kiatu, wanazuia ngozi isikatike, lakini tundu hawalishoni na rangi mpya hawapaki. Kiatu kikikuwa kipya, kitasema uongo. Vijana wa kujitolea wanafanya kazi ndogondogo: kufyeka, kusafisha, kupanga karatasi, kuongoza wageni, kutembelea wazee waliopona. Wengine wanakaa mwaka mzima. Wengine wanakuja wakati wa konje kwa majuma mawili ao matatu.

Mtu atasema: «Lakini wale vijana hawakuua mtu. Wengi walizaliwa nyuma ya vita.» Ni kweli. Hawaendi kulipa deni. Zakayo aliweza kurudisha mali. Lakini mtu aliyeuawa, utamrudisha namna gani? Wanaenda juu ya sababu ingine. Mahali pakifunikwa na majani, kesho mtu atasimama pale na kusema: hapa hapakutokea kitu. Na yule aliyefyeka kwa mikono yake hatakubali ule uongo.

Sisi pia tuko na wazee wetu. Askari na wapagazi wa Kongo walitembea mpaka Tabora mwaka 1916, na askari wengine wakafika Saio, kule Etiopia, mwaka 1941. Wangapi kati yetu wamekwisha kuuliza nyumbani ni nani alikwenda, na ni nani hakurudi?

Basi, ndugu yangu wa darasa la ine, nisamehe kwa lile jibu la haraka. Yale makaburi hatujamaliza. Posho inayokuja nitakuwa pale na jembe langu, karibu na lako. Kama utakuwa na swali lingine, uliza.

Mkubwa wa wanafunzi, darasa la sita