Gari la otomatiki likishtuka, kagua kihisi cha joto kabla ya kununua giaboksi

TAA ya onyo inapowaka kwenye dashibodi, na gari la otomatiki likaanza kushtuka kila libadilishapo gia, wenye magari wengi huelezwa kwamba giaboksi imekufa. Mtu huanza kutafuta fedha za kununua nyingine, kumbe huenda kasoro imo katika kifaa kidogo au waya uliokatika.

Kifaa hicho ni kihisi cha joto, ambacho mafundi hukiita sensa. Kazi yake ni kuiarifu kompyuta ya gari kiwango cha joto la oili ya gia. Kwa habari hiyo, kompyuta huamua gia zibadilishwe lini na shinikizo la oili liwe kiasi gani. Ikidanganywa, hutoa amri zisizofaa: gia huchelewa, gari hushtuka au hung'ang'ania gia moja ili kujikinga.

Katika magari mengi, kihisi hupelekewa umeme wa volti 5. Oili ikiwa baridi, ukinzani wake huwa mkubwa, aghalabu maelfu ya ohm. Oili ikipata moto, ukinzani hushuka hadi mamia.

Uchunguzi huanza kwa mashine ya kusoma nambari za hitilafu. P0710 hadi P0714 zote huhusu kihisi hiki na nyaya zake. P0712 humaanisha volti zimeshuka kupita kiasi, P0713 zimepanda kupita kiasi, nayo P0714 ni hitilafu ya kuja na kutoweka. Hata hivyo, nambari huonyesha tu pa kuanzia, haitoi hukumu.

Hatua ya pili ifanywe asubuhi, baada ya gari kulala bila kuwashwa. Wakati huo joto la oili ya gia, la maji ya injini na la hewa hupaswa kukaribiana. Ikiwa Nairobi kuna nyuzi 15 za selsiasi nayo mashine inaonyesha nyuzi 40 chini ya sifuri, yamkini waya umekatika. Ikionyesha nyuzi 150 ilhali injini ni baridi, yamkini nyaya zimegusana.

Hatua ya tatu ni kuchomoa plagi. Usomaji unapaswa kushuka hadi kiwango cha chini kabisa. Kisha nyaya mbili za kihisi, upande wa kompyuta, ziunganishwe. Usomaji unapaswa kuruka hadi juu kabisa. Yote mawili yakitokea, kompyuta na nyaya za nje ni nzima, na kasoro imo ndani ya giaboksi: katika kihisi au nyaya zake. Yasipotokea, kubadilisha kihisi ni kupoteza pesa. Fundi azitambue nyaya hizo kwa kitabu cha gari, wala asibahatishe, kwa kuwa mara nyingi plagi hiyo hiyo hubeba nyaya za vifaa vingine.

Hata hivyo, kuna wakati kihisi husema kweli. Gari linapopanda mteremko wa Mai Mahiu polepole nyuma ya malori, na joto likazidi kuongezeka hadi kupita nyuzi 120, huenda oili inaungua kwa hakika. Hapo kagua kiwango cha oili, rangi na harufu yake, pamoja na mfumo wa kuipoza. Oili nyeusi inayonuka moshi ni dalili ya ugonjwa mkubwa zaidi, na kihisi kipya hakitautibu.

Katika magari mengi kihisi kimo ndani ya giaboksi, hivyo kukibadilisha hulazimu oili kumwagwa na bakuli la chini kufunguliwa. Ni kazi, lakini gharama yake haikaribii ile ya giaboksi nzima.

Kwa hivyo, kabla ya kulipa, mwombe fundi akuonyeshe usomaji wa asubuhi na ule wa plagi ikiwa imechomolewa. Asiyeweza kukuonyesha bado hajaujua ugonjwa wa gari lako.