Nani Mwenye Kutangaza Vita katika Marekani?

Wasikilizaji, wengi hudhani ya kuwa Rais wa Marekani, kwa kuwa ndiye jemadari mkuu wa majeshi yote, akitaka vita husema neno moja tu, vikaanza. Katiba yao haisemi hivyo. Wajumbe walioiandika katika mji wa Philadelphia mwaka 1787 walikumbuka wafalme wa Ulaya, waliopigania cheo na urithi huku raia wakitoa kodi na damu. Basi wakaigawa kazi. Baraza kuu, liitwalo Kongresi, ndilo litangazalo vita na kutoa fedha za jeshi. Rais ndiye aongozaye askari.

Maandishi ya kwanza yalilipa Baraza uwezo wa “kufanya” vita. Tarehe 17 Agosti, James Madison na Elbridge Gerry wakaomba neno hilo liondolewe, liwekwe “kutangaza”, ili adui akishambulia ghafula Rais apate kumrudisha mara moja, asingoje wajumbe wakusanyike. Ni neno moja tu, lakini mambo mengi yamepenya katika ufa huo.

Tazama yaliyotokea mwaka 1846. Rais James Polk alipeleka askari mpaka ukingo wa mto Rio Grande, katika nchi iliyogombaniwa na Marekani na Meksiko. Askari wa Meksiko wakavuka mto, watu wakauawa. Ndipo Rais akaliambia Baraza ya kuwa damu ya Wamarekani imemwagwa katika ardhi yao wenyewe, na vita vimekwisha kuwako. Baraza likakubali. Mwaka uliofuata mjumbe mgeni, Abraham Lincoln, akauliza: damu hiyo ilimwagwa mahali gani hasa, na mahali hapo ni pa nani? Rais hakumjibu. Hapo ndipo penye shida yote, maana mwenye kuongoza askari aweza kuwaweka mahali ambapo vita haviepukiki, kisha Baraza likaona haya kuwatupa.

Tangu mwaka 1942 Kongresi haijatangaza vita tena, wala Wamarekani hawakuacha kupigana. Tarehe 7 Agosti 1964, kwa habari ya manowari kushambuliwa mara mbili karibu na Vietnam, Baraza lilimruhusu Rais Johnson atumie nguvu. Waliokataa ni wawili tu. Baadaye ilijulikana ya kuwa shambulio la pili halikutokea. Askari wa Marekani zaidi ya 58,000 walikufa, na watu wa Vietnam wengi kupita hao.

Mwaka 1973, ijapokuwa Rais Nixon alikataa, Baraza lilitunga sheria: Rais akiingiza askari katika mapigano, atoe habari katika saa 48; na Baraza lisipomruhusu, aache katika siku 60, au 90 ikiwa hana budi kwa salama ya askari. Lakini mwaka 2011, siku 60 zilipopita na ndege za Marekani zingali zikipiga Libya, serikali ya Rais Obama ilisema kazi ile si mapigano kwa maana ya sheria hiyo. Sidhani kama waliokuwa chini ya mabomu waliona hivyo.

Fedha ni jambo jingine. Mwaka ule ule wa 1973 Baraza lilikataza fedha zozote kutumiwa kwa vita vya Vietnam na nchi jirani zake baada ya tarehe 15 Agosti. Siku hiyo ilipofika, mabomu ya Marekani juu ya Kambodia yalikoma.